Silaha ya Kwanza kwa Nyumba Isiyoishiwa Wageni

Tulipohamia nyumba yetu ya kwanza kwenye viunga vya Dallas, nilinunua bunduki kabla sijanunua pazia la sebuleni. Majirani wawili walikuwa wamevunjiwa ndani ya wiki moja, mke wangu alikuwa akifanya zamu za usiku, na mimi niliyekulia Tanga, ambako bunduki niliiona begani mwa mlinzi wa benki tu, nilijikuta nimesimama mbele ya kaunta ndefu ya vioo nisijue hata niulize nini. Muuzaji alinitazama mara moja, akanishushia bunduki ya marisau ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikiwa ndogo mtutu ni mpana zaidi), ile inayokokiwa kwa mkono kila baada ya mlio, akaniambia kwamba hiyo haihitaji kulenga na kwamba mwizi akisikia tu inavyokokiwa atatoka mbio. Nililipa nikaondoka. Ilinichukua miezi minane kugundua kwamba yote mawili hayakuwa kweli, nikaiuza kwa hasara.

Ninamwandikia mtu aliye kama nilivyokuwa mimi: si mwindaji wala askari, hana nia ya kugeuza bunduki kuwa starehe ya kila Jumamosi, ila kwa sababu zake ameamua kwamba anataka silaha moja ndani ya nyumba hapa Marekani. Wenyeji wanaotoa ushauri juu ya jambo hili huanzia kwenye aina za silaha na risasi. Mimi ningemwuliza kwanza ni nani wanaolala nyumbani kwake, kwa maana nyumba zetu hazina idadi kamili ya watu. Kwangu tuko wanne, lakini katika mwaka mmoja wamelala humo mama yangu kwa miezi sita, shemeji yangu anayefanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, kijana wa rafiki yangu aliyekuja kuanza chuo, na wageni wa msiba ambao sikuwahi kuwahesabu.

Kuna swali la sheria ambalo kwa mhamiaji ni zito kuliko kwa mwenyeji, nalo ni la kumaliza kabla ya kukanyaga dukani. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye ukazi wa kudumu, ile tunayoiita grinikadi, kununua silaha kama raia, mradi awe mkazi wa jimbo husika na asiwe na kizuizi kingine. Aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kununua wala kumiliki, isipokuwa kwa njia finyu kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji, na asiye na makaratasi haruhusiwi kabisa. Dukani utajaza Fomu 4473, kisha taarifa zako zitapitishwa kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI, ulioanza kazi mwaka 1998 kutokana na Sheria ya Brady ya 1993. Mara nyingi jibu huja ungali unaangalia bei za risasi. Muuzaji mwenye leseni hawezi kumwuzia bastola aliye chini ya miaka 21, wala bunduki ndefu aliye chini ya miaka 18. Fomu inauliza pia kuhusu bangi, hata kama jimbo lako limeihalalisha, na kuhusu hatia ya kumpiga mwenza, hata ikiwa ni kosa dogo. Kudanganya humo ni jinai, na kumnunulia rafiki asiyeruhusiwa ni jinai ambayo tangu mwaka 2022 ina kifungo cha hadi miaka 15. Mwenye grinikadi akumbuke zaidi kwamba hatia ya silaha ni sababu mojawapo ya kufukuzwa nchini, yaani unaweza kurudishwa nyumbani kwa tiketi usiyoinunua wewe.

Majimbo nayo hayafanani. Texas haikudai kibali chochote cha kununua, lakini ndugu zetu wa Minnesota huhitaji kibali kwanza kwa bastola, na wa Illinois lazima wawe na kadi ya mmiliki wa silaha. Anayekushauri kutoka jimbo lingine, msikilize kwa tahadhari.

Sasa nirudi kwenye ile bunduki ya marisau. Usiku mmoja wa Februari, saa tisa na dakika kadhaa, mlango wa nyuma ulitikiswa. Mke wangu alikuwa kazini na watoto wamelala. Niliichukua bunduki juu ya kabati, nikasimama kwenye korido na kuikoki kwa nguvu zote ili asikie aliyeko nje. Kitasa kikaendelea kutikiswa. Korido ilikuwa giza, mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye bunduki, na tochi ilikuwa imebaki kule kabatini, kwa hiyo nilichokuwa nacho mbele yangu ni kivuli kwenye kioo cha mlango wa jikoni na mtutu ulioelekezwa kwake. Ndipo nikasikia, "Shemeji, nifungulie bwana, nimesahau funguo, baridi itaniua." Alikuwa ameruhusiwa kazini mapema. Niliegemeza bunduki kwenye friji, nikafungua mlango, nikabandika chai kwa mikono inayotetemeka. Nilipomwuliza kama alisikia chochote, alisema alisikia kitu kama droo ya jikoni, akadhani nimeamka kumfungulia, ndiyo maana akazidi kutikisa.

Tangu usiku ule, kwangu kipimo cha kwanza cha silaha ya nyumbani ni kama unaweza kuishika huku mkono mwingine ukiwa huru. Mkono huo una kazi nyingi kuliko wa risasi: kuwasha taa, kufungua mlango wa chumba cha mtoto, kushika simu unapozungumza na 911, namba ya dharura ya huku. Kuna tochi zinazofungwa kwenye silaha yenyewe, na wengi wanazisifu, lakini sitaki iwe lazima nimwelekezee mtu mtutu ndipo nijue ni nani. Tochi ya kawaida hummulika shemeji bila kumtisha.

Hilo la kutolenga nalo lilinitoka mapema. Risasi moja ya marisau makubwa ya geji 12 hubeba gololi 8 au 9, na watu hufikiri zinatapakaa kama maji ya bomba la bustani. Kutoka mlango wa chumba changu hadi mwisho wa korido ni hatua tisa. Nilipima umbali huo huo kwenye uwanja wa shabaha, na matundu yote yakaweza kufunikwa kwa kiganja. Siku hiyo nilikuwa na mke wangu. Mlio wa kwanza bunduki ilimpiga teke begani hadi akarudi nyuma nusu hatua. Wa pili hakuivuta hadi mwisho alipokoki, ikakwama. Akanirudishia taratibu, mtutu ukiangalia mbele kama alivyofundishwa, akasema, "Baba Neema, hii umejinunulia wewe." Si kwamba bunduki za aina hiyo ni mbaya. Remington 870 na Mossberg 500 zimeuzwa kwa miongo mingi, ni imara na bei yake ni ya chini, na geji 20 ina teke dogo zaidi. Ila kwa nyumba ambayo usiku mmoja mlinzi ni mume na usiku wa pili ni mke, silaha inayomtii mmoja tu ni nusu ya silaha.

Bunduki za mtindo wa AR-15, zile ndefu zinazofanana na za jeshi, nitazipitia haraka. Hazina teke kubwa, na anayeanza hulenga nazo vizuri kuliko na bastola, jambo ambalo wasiozipenda hawapendi kulikubali. Lakini ni ndefu, mlio wake ndani ya chumba ni wa kuharibu masikio, baadhi ya majimbo yameziwekea marufuku, na mimi sikuwa na mahali pa kuifungia karibu na kitanda.

Ninalolalamikia kwa dhati ni desturi ya kuwauzia wanawake rivolva ndogo ya risasi tano kwa maelezo kwamba ni nyepesi na inaingia kwenye pochi. Wepesi huo ndio unaofanya ipige teke zaidi, kifyatulio chake ni kizito, na mtutu wake mfupi hauna huruma kwa mkono usio na mazoezi. Ni silaha ya mtu aliyezoea, nao wanampa anayeanza.

Tulichonunua hatimaye ni bastola ya milimita 9 ya ukubwa wa kati, kundi la kina Glock 19 na Smith & Wesson M&P. Chapa si hoja kubwa. Viwanja vingi vya shabaha hukodisha bastola, nasi tulienda Jumamosi tatu, kila mara tukikodi mbili na kuandika tarehe na jina la bastola pembeni mwa karatasi ya shabaha. Tuliangalia mambo matatu: kama kidole kinafikia kifyatulio bila kupindisha mkono, kama mke wangu anaweza kuivuta nyuma sehemu ya juu bila kuhangaika, na karatasi ya nani ina matundu yaliyokusanyika. Ile niliyoipenda mimi ilishindwa kwenye la pili. Tukachukua aliyoiweza yeye, kwa dola mia tano na kidogo, na ni hiyo hiyo ninayoitumia mimi pia.

Fedha iliyobaki ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Tulilipia darasa la siku moja, tukanunua vizibo vya masikio, risasi za mazoezi na sefu. Mwalimu alitumia saa nzima kwenye kanuni nne tu: kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi, mtutu usielekezwe kwa usichotaka kukiangamiza, kidole kikae nje ya kifyatulio hadi uwe umelenga, na ujue unalenga nini na nyuma yake kuna nini. Hiyo ya nne huku ina uzito ambao sisi wa nyumba za matofali hatuufikirii. Nilipotoboa ukuta wa sebule kupitisha waya wa televisheni, kisu cha karatasi kilitosha: ubao wa jipsamu, uwazi, ubao mwingine, kisha chumba cha Neema. Risasi ya bastola hupita kuta kadhaa za namna hiyo. Zile zenye tundu kichwani, ambazo hutanuka zinapogonga mwili, ndizo zinazoshauriwa kwa ulinzi kuliko za mazoezi zilizovikwa shaba, lakini hakuna risasi inayofaa kwa ulinzi ambayo itasimama kwenye jipsamu ikikosa shabaha. Kwa sababu hiyo mpango wetu hauna kuzunguka nyumba kumsaka mtu. Watoto huletwa chumbani kwetu, mlango hufungwa, 911 hupigwa, na bastola huangalia mlango huo mmoja.

Sefu yetu ni ndogo, ya vitufe, imefungwa kwa boliti ndani ya kabati la kando ya kitanda. Ya kwanza ilikuwa ya alama ya kidole, ya bei nafuu, ikanikataa kila nilipotoka kuoga. Mama alipokuja kutoka Tanga, siku ya tatu alikuwa ameshasafisha chumba chetu na kuniuliza, "Hiki kisanduku cha chuma kina nini, mbona hakisogei?" Kama ningekuwa bado naweka silaha juu ya kabati, asingeuliza, angeishusha apanguse vumbi. Texas ina kosa la kumwachia silaha yenye risasi mahali anapoweza kuifikia mtoto wa chini ya miaka 17, lakini sheria hiyo haimhesabu bibi mwenye kitambaa cha kupangusia.

Lipo pia lile ambalo jamii yetu hulizungukia. Mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830 Marekani, na 26,328 kati yao walijiua. Mgeni anayefika kwako akiwa amepoteza kazi, ndoa au kesi ya uhamiaji, nasi tukasema amechoka tu, ndiye wa kufikiriwa kuliko mwizi. Kijana mmoja alipokaa kwetu akiwa katika hali hiyo, nilibadilisha namba za sefu, kisha baada ya siku mbili nikaona haitoshi, nikaitoa bastola nyumbani hadi alipopata nafuu.

Kabla ya yote haya, ningenunua skrubu. Komeo la mlango wetu wa mbele lilikuwa limeshikwa na skrubu fupi kama nusu ya kidole, zisizofika kwenye mbao nene iliyo nyuma ya mwimo. Teke moja lingeng'oa kila kitu. Nilizibadilisha kwa za inchi 3, pamoja na kibati kirefu cha komeo, kwa chini ya dola 20 na nusu saa ya kazi.

Tukienda nyumbani Desemba, bastola haibaki kwenye nyumba tupu. Rafiki yangu aliye kwenye viza ya masomo alijitolea kwa moyo mweupe kunitunzia, nikalazimika kumweleza kwamba kukaa nayo tu kungemharibia makaratasi yake yote. Siku hizi naipeleka kwenye duka la silaha linalohifadhi kwa malipo ya mwezi, naondoka na risiti, na tukirudi najaza tena fomu ile ile kabla ya kukabidhiwa.