Ile asilimia 25 ya S.L.A. Marshall haitokani na hesabu

Watu huirudia kama takwimu iliyopimwa, ila hapana, hiyo ya kwamba ni askari 15 hadi 25 tu kati ya 100 wa Marekani waliokuwa mapiganoni ndio waliofyatua risasi Vita vya Pili vya Dunia ni makadirio ya Marshall mwenyewe, mwanahistoria wa jeshi la Marekani, kayaandika kwenye kitabu chake Men Against Fire, 1947. Mwaka 1988 mwanahistoria mwenzake Roger Spiller alipekua daftari za Marshall zilizobaki hakukuta takwimu yoyote, na msaidizi wa Marshall aliyekuwa naye kwenye mahojiano na askari alisema hakumbuki askari wakiulizwa kama walifyatua. Ila msimtupe Marshall mzima mzima jamani, kukaa na kikosi mara tu baada ya mapigano na kuwahoji wote pamoja mpaka wa vyeo vya chini, kama alivyofanya kwenye kisiwa cha Makin, Bahari ya Pasifiki, 1943, hiyo ni kazi kubwa sana.