Re: Nyanya zinaoza kitako, nipige dawa gani?

Pole mkuu, doa jeusi limebonyea kitakoni na majani yako kijani kabisa kama ulivyosema, basi huo sio ukungu na wala sio kantangaze, yule mdudu anayetoboa nyanya, maana kantangaze ungeona michirizi kwenye majani. Dawa ya ukungu waliyokuuzia achana nayo, utamaliza hela bure.

Hapo tunda limekosa kalsiamu. Mara nyingi udongoni ipo ila inasafiri na maji, sasa hili jua la mwezi wa pili unamwagilia leo mpaka chapachapa halafu unakaa siku nne udongo unapasuka, tunda linapata wapi? Mwagilia asubuhi kidogo kidogo bila kuruka, na tandaza nyasi kavu au pumba za mpunga chini ya mche ila zisiguse shina. Chomeka kidole, chini ya nyasi pakiwa na ubaridi uko vizuri.

Urea simamisha kwanza, inakuza majani tu na tatizo linazidi. Zilizoharibika hazitapona, zichume. Maganda ya mayai yana kalsiamu ila yanaoza taratibu mno, hayo saga uweke kwenye mashimo ya miche ya masika.