Anza na mteja, matangazo baadaye

Umeuliza mpango wa masoko unaanzia wapi, kwenye bajeti au kwenye matangazo. Ndugu, unaanzia kwa mteja. Andika sentensi moja tu: nani ananunua, ana shida gani, na kwa sasa anaitatuaje bila wewe. Ukiandika "kila mtu", bado hujaanza. Wapigie wateja wako kumi wa mwisho, uwaulize walikusikia wapi na nusura wanunue kwa nani. Hapo utapata ujumbe wako, njia ya kuwafikia na mshindani wako halisi, vyote kwa mpigo.

Kisha weka lengo lenye namba na tarehe. "Kuongeza mauzo" si lengo. "Wateja wapya 30 ndani ya miezi 3" ndilo lengo. Bajeti nayo ipime hivi: gawanya pesa ulizotumia kwenye matangazo kwa idadi ya wateja wapya walioingia. Kama kumpata mmoja kunakugharimu zaidi ya faida anayokuachia, achana na njia hiyo, hata ikikuletea laiki za kumwaga mitandaoni (mimi zilinidanganya mwaka mzima). Njia mbili zinatosha kuanzia. Na usiandike kitabu, karatasi moja tu unayoipitia kila mwezi.