Kodi ikipunguzwa, mi napata nini?

SWALI: Anti shikamoo. Kazini kwetu tumebishana wiki nzima. Kuna pendekezo la kushusha kodi ya mapato, ngazi ya asilimia 20 iwe 18 na ile ya 40 iwe 38. Karani wetu anasema ndo nafuu ya watu wa chini hiyo, bosi naye anachekelea kweli. Mi nafagia ofisi hiyohiyo na kwenye slipu yangu ya mshahara pale penye kodi pana sifuri. Sasa mi nimo au simo? – Mshika Fagio

JIBU: Marahaba mwanangu. Humo. Sifuri ukiipunguza inabaki sifuri, wala usiruhusu wakuchanganye.

Shika kalamu tupige hesabu, mishahara naitunga ili iwe rahisi. Tuseme 1,000 ya kwanza haikatwi kitu, kutoka hapo mpaka 5,000 inakatwa asilimia 20, ya juu yake 40. We unapata 900, karani 3,000, bosi 10,000. Leo karani anakatwa 400 na bosi 2,800. Hilo pendekezo likipita karani atakatwa 360 na bosi 2,620, yaani mmoja kaokoa 40 mwenzie 180, na we hata senti.

Hapo sasa atatokea mtu akwambie mdogo ndo kanufaika zaidi, na wala hadanganyi! Kodi ya karani imeshuka asilimia 10, ya bosi 6 na ushee. Ila muulize kilichobaki mkononi kimeongezeka kiasi gani, utakuta cha karani asilimia 1.5, cha bosi 2.5. Hesabu ni ileile, kila mtu anachagua upande wa kuisomea.

Mi ningeacha viwango kama vilivyo nikapandisha ile 1,000 isiyokatwa iwe 1,200. Piga tena uone: karani anaokoa 40 ileile, bosi naye 40, basi. Karani haoni tofauti yoyote, na serikali imebaki na 140 ambazo zingeenda kwa bosi. Na we ungepata kinga, maana kama ile 1,000 haiguswi, mwakani ukiongezewa ukafika 1,050 unaanza kukatwa 9, na hapo ni kwa ile asilimia 18 yao iliyopunguzwa. Uingereza ndo mchezo wenyewe huo, kiwango kisichokatwa kimegandishwa kwenye pauni 12,570 kwa mwaka tangu 2021, mishahara inapanda kufuata bei, watu wanajikuta wameingia kwenye kodi na hakuna aliyesimama bungeni kutangaza kodi mpya. (Walioanza kukigandisha ni chama cha Conservative kilipokuwa madarakani, haohao ambao Septemba 2022 walitaka kufuta kabisa ngazi ya asilimia 45 ya wanaopata zaidi ya pauni 150,000 kwa mwaka, kelele zikawa nyingi mpaka ndani ya chama chao, siku 10 tu wakaghairi.)

Kodi yako we iko dukani. Ukinunua sabuni umelipa VAT, ile kodi iliyo ndani ya bei, sawasawa na bosi, tofauti ni kwamba mshahara wako wote unaishia kwenye manunuzi na wa kwake nusu unalala benki. Kwa hiyo karani akianza tena muulize pengo la hizo hela zilizosamehewa linazibwa na nini, maana wakipandisha VAT ili kufidia, we mwenye fagio ndo utakuwa umemlipia bosi nafuu yake.

SWALI: Anti, nimekataa nyongeza ya mshahara kwa sababu itaniingiza ngazi ya juu ya kodi nikakatwa mpaka nibaki na kidogo kuliko sasa. Mume wangu ananicheka. – Mwenye Hofu

JIBU: Mdogo wangu, leo mume ana haki ya kucheka. Kiwango cha juu kinakata ile hela iliyozidi mstari tu, ya chini yake inakatwa kama zamani. Kwenye mfano wetu ukitoka 5,000 ukaenda 5,100 unakatwa 40 kwenye hiyo 100, 60 unaenda nayo nyumbani. Rudi ofisini kesho asubuhi ukaiombe.