Uliza Tukujibu: Upepo unabeba shamba langu

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nalima alizeti huku Kongwa, kila kiangazi upepo unabeba udongo mpaka macho yanauma. Nasikia Kanada nao waliwahi kupata shida hii, ni kweli? Walifanyaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli kabisa, miaka ya 1930 kule nyanda za Alberta na Saskatchewan vumbi liliwakomesha hasa. Sasa kulikuwa na mkulima mmoja Alberta, Charles Noble, jamaa alishawahi kufilisika miaka ya 1920 akaanza upya, yeye akaunda jembe la trekta lenye kisu kipana kinachopita chini ya ardhi, linakata mizizi ya magugu ila udongo haligeuzi, mabua yanabaki juu yamesimama yanazuia upepo. Basi! Likaitwa kwa jina lake.



Wewe trekta huna, najua. Ila hayo mabua unayoyachoma ukiberega (ukisafisha shamba kabla ya kupanda), mwaka huu yaache, na ng'ombe wa jirani wasiingie (hapo ndo kazi ilipo).