Kabla Hujanyoosha Kidole Kwenye Rafu ya Vitabu Vipya

Wadogo zangu wa dawati la mbele hapa maktabani, juzi nilikuwa nimeinama nyuma ya toroli napanga vitabu vilivyorudishwa, mmoja wenu (simtaji, anajijua) akafuatwa na msomaji. "Samahani, naomba unisaidie kitabu kizuri cha kusoma." Mdogo wangu hakuinua hata kichwa kutoka kwenye skrini. Akanyoosha kidole: "Vipya viko pale." Msomaji akaenda pale, akapapasa majalada mawili matatu, akatoka mikono mitupu. Haikufika dakika. Nami nikabaki nimeshika kitabu cha ushonaji, nacheka peke yangu kwa uchungu, maana kidole kile nakifahamu. Kilikuwa changu.

Ndiyo maana nawaandikia. Nimeweka namba ili mfuate kwa urahisi, ingawa najijua, namba zangu huwa hazikai kwenye mstari.

1. Swali la "Unapenda vitabu gani?" lizikeni. Nani ataweza kulijibu akiwa amesimama mbele ya dawati na watu wawili wanamsubiri nyuma? Atasema "chochote tu", nawe utampa chochote tu. Muulize kitabu cha mwisho kilichomnogea, kisha nyamaza. Nyamaza kwelikweli, usimmalizie sentensi. Akikwambia "kile cha mpelelezi, lakini aliyenifurahisha hasa ni yule mama mkwe wake", ujue hujaambiwa habari za upelelezi hapo. Umeambiwa habari za watu. Nancy Pearl, mkutubi wa Marekani, husema msomaji huingia kitabuni kwa mmoja wa milango minne: hadithi yenyewe, wahusika, mandhari au lugha. Huyu wa mama mkwe kaingilia kwa wahusika, na wewe tayari unakimbilia rafu ya mauaji.

2. Vitabu vitatu vinatosha. Kimoja kinachofanana na alichokipenda, kimoja kinachokikaribia tu, kimoja cha kubahatisha. Kuna mwenzetu alimbebesha mtu tisa kwa mara moja, vikarudi vyote tisa siku ya mwisho kabisa, havijafunguliwa, na mtu mwenyewe hatukumwona tena mwaka mzima.

3. Usidanganye kwamba umekisoma. Sema "sijakisoma, ila wanaokirudisha huulizia kingine cha mwandishi huyohuyo." Hilo ni pendekezo tosha. Mimi niliwahi kumwambia mama mmoja, kwa sauti ya mtu aliyelia usiku kucha, kwamba ule mwisho wa riwaya aliyoishika ni wa ajabu. Akanitazama. Alikuwa amekuja kulalamika kwamba kurasa kumi na mbili za mwisho zimechanwa.

4. Mfululizo: angalia namba mgongoni mwa kitabu. Usimpe cha tatu mtu ambaye hajasoma cha kwanza. Sina la kuongeza.

5. Vipya na vya zamani. Hapa mtanivumilia.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa rafu za 600, namba ya vitabu vya ufundi na kilimo, nizichuje, yaani niondoe visivyofaa tena. Nilijiona mkubwa. Nilikuwa nimetoka darasani na Trueswell, mtafiti wa matumizi ya maktaba, kichwani: mwaka 1969 alionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya uazimaji hutokana na asilimia 20 tu ya vitabu. Nikaisoma hesabu ile kama kijana anavyoisoma, kwamba kilichobaki ni mzigo wa vumbi. Nikachukua boksi, kalamu, na herufi zetu sita za MUSTIE, kila moja ni sababu ya kukiondoa kitabu rafuni, nikaanza kuhukumu.

Kwenye 638.1 nikakuta kitabu cha ufugaji wa nyuki. Kipana, cha zamani, maandishi makubwa ya kizamani, michoro ya mizinga ukurasa mzima. Jalada limepauka. Nikafungua slipu ya tarehe: miaka kumi na moja hakijagongwa muhuri. Nikafungua katikati: pembezoni pamejaa penseli, tarakimu kubwa kubwa, tarehe, mishale. Nikasema, U hiyo, kimechakaa na kimechorwa. Kwenye boksi. Wiki hiyohiyo tulikuwa tumepokea kipya cha nyuki, picha za rangi, karatasi ya kung'aa, maandishi madogo ya kileo. Nikakisimamisha kikitazama mbele kwenye rafu ya vitabu vipya, nikarudi nyuma hatua mbili kukitazama kama mtu aliyejenga nyumba.

Baada ya siku chache akaja mzee mmoja. Nilikuwa namfahamu kwa sura, alikuwa na kawaida ya kukaa meza ya dirishani. "Mwanangu, kile cha nyuki kimehamishwa?" Sikumuuliza kipi. Sikumuuliza lolote. Nikanyoosha kidole, kisha kwa kuwa siku hiyo nilikuwa mkarimu, nikakifuata mwenyewe, nikachomeka ndani kipande cha karatasi kwenye sura ya kuvuna asali, nikamwazimisha. "Hiki ni kipya kabisa, mzee." Akashukuru.

Wiki iliyofuata akakirudisha. "Kilikuwaje?" "Kizuri sana, mwanangu." Nikampa kingine kipya, cha bustani. "Kizuri sana." Nikampa cha kuku. Vilifika sita, na kila kimoja nilikichomekea kikaratasi changu mahali ambapo niliona patamfaa. Kwenye ripoti ya mwezi niliandika kwamba vitabu vipya vya kilimo vinapendwa na wazee.

Aliyenizindua ni mama aliyekuwa anapokea marejesho, mkongwe wa kazi, aliyekuwa na tabia ya kukishika kila kitabu kwa magamba na kukikung'uta kichwa chini kabla ya kukiweka kwenye toroli. Husema huko ndiko zinakopatikana barua za watu. Siku hiyo akaniita. Mezani amepanga vikaratasi sita, vyote vya mwandiko wangu. "Hivi vyote vimetoka kwa mzee wa dirishani," akasema. "Havijasogea hata ukurasa mmoja. Hujawahi kumuuliza kama anayaona maandishi?"

Sikuwahi. Kila nilipomkabidhi kitabu, mzee alikuwa anakipeleka mbali, mkono umenyooka, anatikisa kichwa, anakiweka kwapani. Niliona mara sita. Nilidhani ni heshima.

Tulipokaa naye ndipo nilipoelewa. Alikuwa anafuga nyuki. Kitabu kile cha zamani kilikuwa ndicho pekee kwenye rafu zetu ambacho maandishi yake aliweza kuyasoma akikaa penye mwanga wa dirisha, kwa hiyo hakuwahi kuwa na sababu ya kukiazima. Alikisoma humuhumu ndani, akakirudisha mwenyewe rafuni, mahali pake, vizuri kuliko baadhi yenu. Mashine haikujua. Slipu haikujua. Na ile penseli ilikuwa yake. Ndiyo, nafahamu, kuandika kwenye kitabu cha maktaba ni kosa, naye alikiri na kuomba radhi, jambo lililonifanya nitamani ardhi ipasuke. Tarehe zile pembezoni zilikuwa za kufungua mizinga na kuvuna, miaka na miaka. Ya mwisho kabisa, nakumbuka maana niliiona kwa macho yangu nikiwa na kalamu mkononi, ilikuwa ya miezi miwili tu kabla sijakitia kwenye boksi. Niliiona, nikaihesabu kama uchafu.

Kwenye mtihani nilikuwa nimeandika kanuni tano za Ranganathan, mkutubi wa India, za mwaka 1931, kwa mwandiko mzuri kabisa: kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake. Nilipata alama zote.

"Kwa nini uliniambia ni vizuri?" nilimuuliza. Akasema, "Ulikuwa unavileta kwa furaha, mwanangu. Ningekwambiaje?"

Kwa hiyo mkisikia "kizuri sana" bila jina la mhusika, bila ugomvi na mwandishi, bila "ila pale alipo...", hapo hamjajibiwa, mmestahiwa tu. Na mkienda kuchuja, vitabu vinavyoachwa mezani msivirudishe rafuni kabla ya kuvihesabu, mwezi mzima angalau. Slipu inajua waliotoka na kitabu mlangoni. Waliokaa nacho haiwajui.

Nakala yetu ilikuwa imeshakwenda kusagwa. Nilitafuta nyingine kwa maktaba wenzetu miezi minne mpaka ikapatikana, toleo lilelile, jalada rangi tofauti. Mzee akaja, nikamtolea chini ya dawati. Akafungua kwenye ule mchoro wa mzinga, akapitisha kidole pembezoni, pakavu, peupe. "Hiki si kile," akasema. Kisha akakipeleka mbali kidogo, akasoma mstari mmoja kwa sauti. "Lakini maandishi ni yaleyale." Akaenda dirishani.

Kile kitabu ndicho hichohicho ambacho mwezi uliopita nimekitoa kwenye boksi la kuondolewa kwa mara ya tatu. Kina maneno kwa penseli nyuma ya jalada: KINASOMWA HUMU NDANI. Mwandiko ni wangu. Someni basi.

6. Nilichosema hapo juu hakihusu 610 wala 340, rafu za tiba na za sheria. Kitabu cha tiba kilichopitwa na wakati kinaweza kuumiza mtu, na cha sheria kinaweza kumpotezea kesi. Hapo toleo jipya, bila huruma. Riwaya haichachi.

7. Meza ya maonyesho: kila kipya kimoja kipe vya zamani viwili pembeni, vya mlango uleule wa kuingilia kitabuni. Foleni ya kusubiri kipya ikiwa ndefu, hao wanaosubiri ndio wa kuwapa vya zamani. Wana hamu tayari, wamekosa tu kitabu.

8. Mtoto muulize mtoto. Mzazi atajibu kwa niaba yake, mtabasamulieni mzazi, kisha muulizeni mtoto tena.

9. Usiseme "yule jirani yako naye alikiazima." Hata kama ni kweli. Hasa kama ni kweli.

10. Wapeni watu ruhusa ya kuacha kitabu. Pearl, yule wa milango, ana kanuni yake: soma kurasa 50, kama hakikushiki kiache, na ukiwa umevuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100, kurasa zinazobaki ndizo unazodaiwa. Msomaji wa miaka 70 anadaiwa kurasa 30 tu. Nimewaambia wengi hili, na sijawahi kuona watu wazima wakifurahi namna ile mbele ya dawati, kama waliosamehewa faini.

11. Nyanyuka. Katalogi ikisema kipo, nenda naye mpaka rafuni, maana katalogi inasema kipo hata kile kilichoangukia nyuma ya rafu tangu hamjaajiriwa. Na njiani ndipo watu husema wanachokitaka hasa. Sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu mnatembea bega kwa bega na hakuna anayemtazama mwenzake usoni.

Kesho asubuhi zamu ya dawati ni ya yule wa kidole. Nitakuwa nyuma ya toroli. Na aliyeacha kikombe chenye maji juu ya vitabu vya sanaa vya 700, kakichukue kabla sijafika.