Kelele darasani: jaribu makundi

SWALI: Nafundisha Darasa la Tatu, wanafunzi 64. Nikigeukia ubaoni tu, kelele zinaanza na wengine wanahama madawati. Kiranja huniandikia majina ya wapiga kelele, lakini kila siku ni walewale. Nifanyeje bila kushika fimbo?
Mwalimu, Singida

JIBU: Mwalimu, orodha ya kiranja iache kwanza. Anayesomwa jina kila siku ameshazoea, na darasa zima likigeuka kumtazama, amepata alichokuwa anakitafuta. Tena kiranja huwasitiri rafiki zake.

Kuna mchezo wa makundi uliojaribiwa mwaka 1969 katika darasa la nne huko Kansas, Marekani. Gawa watoto makundi 8 ya wanane wanane kwa jinsi madawati yalivyokaa, ila watundu uwatawanye. Andika sheria tatu ambazo jicho linaona zikivunjwa: kukaa mahali pako, kunyoosha mkono kabla ya kusema, kutogusa vitu vya mwenzako. "Kuwa na adabu" haifai. Mtoto hajui ameivunja saa ngapi.

Anza na dakika 10 tu za zoezi la hesabu, mara tatu kwa wiki. Sheria ikivunjwa, taja kundi na kosa kwa sauti ya kawaida: "Kundi la tatu, kuhama dawati." Chora mstari ubaoni, endelea. Usitaje jina. Akilalamika "Si mimi!", usimjibu. Kundi lenye mistari isiyozidi minne limeshinda, hata yakiwa yote 8. Hapa ndipo wengi hukosea: wakitafuta mshindi mmoja, makundi yaliyoachwa nyuma hukata tamaa, na fujo huzidi.

Zawadi itoke siku hiyohiyo. Kutangulia kwenda mapumziko au kuchagua wimbo kunatosha; pipi za watoto 64 zitakumaliza.

Atatokea wa kuharibu makusudi, na wenzake watamkasirikia. Kule Kansas wawili waligoma. Mwalimu akawatenga wawe kundi lao wenyewe, wasiwaponze wengine. Fanya hivyo mapema, kabla hasira hazijamfuata mtoto njiani kurudi nyumbani.

Makundi mengi yakishinda wiki mbili mfululizo, ongeza dakika 5, kisha shusha kikomo kiwe mistari mitatu. Usiukatize ghafla: kule, mchezo uliposimamishwa fujo zilirudi, na uliporejeshwa zikapungua tena.